Pamba Iliyofungua Sikio la Saning'o

Kabla hujaligusa sikio la mgonjwa, linuse. Najua mnacheka, ninyi mabinti mliovalishwa aproni nyeupe juzi, lakini siku moja mtanishukuru. Usaha mwingi unaovutika kama ute wa yai, usio na harufu kali, huo utaukausha na Mungu akipenda utakwisha. Usaha kidogo tu, tena unaonuka kama panya aliyefia darini, huo unakula mfupa. Na ukiona nyuma ya sikio pamevimba mpaka sikio lenyewe limesukumwa mbele, usikae kubabaika na pamba. Mpeleke kwa daktari mkubwa siku hiyohiyo, hata kama itabidi umbebe mgongoni. Tulimchelewesha msichana mmoja siku mbili tu, tukidhani uvimbe utashuka wenyewe. Tulimzika. Kwa hiyo nuseni, na mguse nyuma ya sikio, kila mara.

Mimi naitwa Ruti. Kazi hii niliianza enzi za Mdachi, katika zahanati ya misheni juu ya Tengeru, wakati penisilini yenu haijajulikana hata huko Ulaya. Tulikuwa na vitu vinne: pamba, vijiti, maji yaliyochemshwa, na unga mweupe wa boriki. Basi! Lakini kwa vitu hivyo vinne nimeona mambo ambayo hadi leo nikiyasimulia siwezi kukaa kitini. Mtaniwia radhi nikisimama.

Wala sikuajiriwa kutibu mtu. Niliajiriwa kuchemsha maji na kufua bandeji. Nilikuwa mjane wa miaka ishirini hivi, sina mtoto, nimerudi kwa baba yangu, na baba alichoka kunilisha. Siku moja ikaletwa punje ya mahindi, yaani ililetwa ikiwa ndani ya sikio la mtoto. Sista akajaribu kwa koleo lake dogo, punje ikazidi kuzama. Mimi nikang'oa unywele wa mkia wa ng'ombe, nikaukunja kitanzi, nikauingiza taratibu nyuma ya punje, nikavuta. Punje ikaruka ikaangukia kwenye beseni, ti! Sista akaitazama mikono yangu kama mtu aliyeona dhahabu. Kesho yake mtu mwingine akapewa bandeji za kufua.

Sista huyo aliitwa Otilia. Alikuwa mrefu kama mlango, na uso wake uligeuka mwekundu kwa jua, kwa hasira na kwa furaha, kwa hiyo hukujua ni kipi. Kiswahili alijifunza kwenye kitabu, na maneno mawili yalimshinda kuyatenganisha. Mgonjwa akiingia, Sista humwambia kwa upole, "Keti hapa, mama, unionyeshe masikitiko yako." Alitaka kusema masikio. Mimi sikumsahihisha kamwe, maana wale kina mama walikaa, wakafungua mioyo, wakasema yote, na katikati ya masikitiko yao na masikio yakaonekana.

Watu walituletea masikio yaliyokwisha kutiwa kila kitu. Samli ya moto, maji ya majani, mkojo wa kondoo. Nami nisiwacheke, kwa sababu kosa langu mwenyewe lilikuwa kubwa zaidi. Alikuja mzee mmoja mwenye heshima zake, nta imeziba sikio lake kama kizibo cha kibuyu. Nta huoshwa kwa bomba la maji, lile dogo la mkononi kama la sindano. Siku hiyo foleni ilikuwa ndefu na birika halijapata moto. Nikasema moyoni, maji ni maji. Nikachota yale ya mfereji, yanayoshuka moja kwa moja kutoka Mlima Meru, nikayapiga sikioni.

Lo! Mzee alikishika kiti kwa mikono miwili. "Mlima unazunguka!" alipiga kelele. "Nishikeni! Mlima unazunguka!" Macho yake yalikuwa yakichezacheza upande kwa upande, kisha akanitapikia miguuni. Wanawe wawili wakanyanyua fimbo. Sista alikuja mbio, akamlaza, akaniambia maneno ambayo nawapeni bure: maji ya sikio yawe na joto la mwili, na kipimo chake ni kiwiko chako. Ukitumbukiza kiwiko usisikie baridi wala moto, hayo ndiyo. Mzee alipopona aliwatangazia watu wa ukoo wake kwamba katika misheni kuna mwanamke anayeweza kuuzungusha Mlima Meru. Wiki ile wagonjwa waliongezeka mara mbili, wengi wakiwa wamekuja kutazama tu.

Ila sikio linalotoka usaha halioshwi kwa bomba. Hilo lina tundu kwenye kiwambo. Kiwambo cha sikio ni kama ngozi ya ngoma, na ngoma iliyopasuka hailii. Ugonjwa ukikaa miaka, ukija na kuondoka, ukija na kuondoka, tundu linapanuka, na mtu anaanza kuishi mbali na wenzake huku amekaa nao kwenye jiko moja. Dawa yake ya kwanza ni kulikausha. Zungushia pamba kwenye kijiti, ipite ncha ili mti usimchome, ingiza, futa, toa, tupa. Pamba mpya. Rudia mpaka itoke kavu. Kisha puliza unga wa boriki kwa bua jembamba. Kesho tena. Kesho kutwa tena. Kazi hii haina mkato, na ndiyo maana wengi huikimbia.

Watu walitutupia ile methali, sikio la kufa halisikii dawa. Nilikuwa naichukia! Sikio gani la kufa? Nani ameshalizika? Na hapo ndipo ninapofika kwa Saning'o.

Saning'o alikuwa mfugaji wa Oldonyo Sambu, mtu wa makamo, mabega mapana, ndewe za masikio zimetobolewa na kuvutwa mpaka zinakaribia mabega. Ukimtibu mtu wa namna hiyo, chukua ile ndewe, ipandishe, uitundike juu ya sikio lake mwenyewe, nayo itatulia pale wala haitakusumbua. Masikio yake yote mawili yalikuwa yakitoka usaha tangu utotoni. Miaka sita kabla ya kuja kwetu kusikia kulipungua kabisa, mpaka ikabidi mkewe, Nasieku, amsemee sikioni kwa sauti ya kuita ng'ombe. Kwao walikwisha kumwita mkaidi. Akiitwa haitiki. Akitumwa haendi. Ndugu zake waliacha kumshirikisha katika mashauri ya mifugo, kwa sababu nani atampigia kelele mtu kutwa nzima?

Nasieku ndiye aliyemleta. Walihamia kwa jamaa yao mmoja huko Nduruma ili wawe wanapanda kwetu kila siku. Nasieku alikuwa mwembamba, mchangamfu, na hakuacha kusema. Alikaa nyuma ya mumewe nikiwa namkausha, akamwaga maneno kwa Kimaa, ambacho mimi nilikijua kwa kuuza ndizi kwa Wamaasai tangu usichana wangu. Alilalamika, alimwomba Mungu, alimtania, hata kumtukana kidogo.

"Dada, mbona unamsema hivyo naye yupo?" nilimuuliza.

"Miaka sita, Ruti!" alinijibu. "Mtu asiyekusikia ni mahali pazuri pa kuwekea maneno."

Alicheka, lakini macho yake hayakucheka.

Tulikuwa katika wiki ya pili, sikio la kushoto limeanza kukauka, mimi nimejaa matumaini, wakati asubuhi moja Nasieku alipopanda kilima peke yake, akikimbia, shuka limelowa mpaka kiunoni.

"Wamemchukua!" alisema. "Askari wamemchukua!"

Walikuwa wanavuka mto Nduruma, yeye mbele, Nasieku nyuma akifunga ndara. Ukingoni nyuma yao kulikuwa na askari waliokuwa wakikamata wapita njia kubeba mizigo. Askari mmoja akamwita Saning'o kutoka nyuma, maji yanapiga kelele kwenye mawe. Hakugeuka. Akamwita tena, na tena. Saning'o akaendelea kutembea, mtu na safari yake. Askari akamfuata, akamshika bega kwa ghafla. Saning'o, aliyeshtuka kama ambavyo ungeshtuka wewe, akamsukuma, na askari akaketi mtoni na bunduki yake. Kumkaidi askari na kumsukuma: hilo lilikuwa shauri la viboko ishirini na vitano na mnyororo juu yake.

Sista alisimama pale na kijiti cha pamba mkononi. Kisha akaenda kanisani, si kusali, akatoka na kile chuma cha miguu miwili, mfano wa uma, ambacho mwalimu wa kwaya alikigonga ili watu wapate sauti ya kuanzia.

"Ruti, vaa kitambaa safi," akasema. "Tunakwenda Arusha."

Alikwisha kunifundisha siri ya chuma kile tulipokuwa tumekaa jikoni. Sauti ina njia mbili za kuingia. Ya kwanza ni ya hewani, kwa tundu la sikio na kiwambo. Ya pili ni mfupa. Ukikigonga chuma na kukisimamisha kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, sauti inapita fuvuni moja kwa moja, haiombi ruhusa kwa kiwambo. Mtu aliyezibwa na ugonjwa wa usaha hatakisikia hewani, lakini mfupani atakisikia vizuri. Ambaye hasikii popote, huyo ubovu wake uko ndani zaidi, na pamba yako haitamsaidia. Nilipoelewa jambo hilo mara ya kwanza nilikwenda nikimgongea chuma kila mtu, hata mpishi, mpaka kwaya ikalalamika.

Tulifika boma la Arusha jua limepanda. Saning'o alikuwa amesimama uani amefungwa mikono, akitazama midomo ya watu. Bwana shauri, Mdachi aliyekata kesi za wilaya, alikaa barazani nyuma ya meza. Kiswahili chake kilikuwa cha amri, kifupi, lakini kizuri.

"Nilimwita mara tatu, Bwana," askari alisema, suruali bado ina tope. Alikuwa anasema kweli.

"Hasikii," Sista alisema. "Mgonjwa wa masikitiko."

Bwana shauri alimtazama. "Siku ya hukumu kila mkaidi ana masikio mabovu, Sista."

Sista akakigonga chuma kwenye kisigino cha kiatu chake, akakiweka karibu na sikio la Saning'o. Saning'o alimtazama kwa huzuni, akatikisa kichwa. Vizuri. Sista akakigonga tena, akakisimamisha kwa shina lake kwenye mfupa nyuma ya sikio.

Saning'o aliruka! Macho yalimtoka, akacheka kwa nguvu, akapaza sauti kwa Kimaa. Mkalimani akatafsiri: "Anasema kuna nyuki kichwani mwake, Bwana. Nyuki anaimba."

Bwana shauri akapiga meza. "Anasikia! Mmeona wenyewe. Anasikia!"

Mabinti zangu! Ushahidi wetu ulikuwa umegeuka na kutuuma. Sista akaanza kueleza kwa Kijerumani, haraka haraka, uso mwekundu. Bwana shauri akanyanyua mkono kumnyamazisha. Askari wawili wakamsogelea Saning'o. Nasieku akakaa chini mchangani. Na hapo nikasikia mwanamke anasema kwa sauti kubwa:

"Bwana Mkubwa, ziba masikio yako!"

Mwanamke huyo alikuwa mimi.

Mkalimani alinitazama kama mtu anayetazama maiti inayotembea.

"Umesema nini?" bwana shauri aliuliza.

"Ziba masikio yako, Bwana. Kwa vidole. Kwa nguvu sana." Ulimi ulikuwa umekwisha kuondoka na haukurudi. "Ukiziba, utajua alivyo."

Sijui kwa nini alikubali. Nadhani alikuwa amechoshwa na mashauri ya asubuhi nzima na hakuwahi kuona jambo kama lile. Akatia vidole masikioni. Nikauchukua ule uma wa chuma mkononi mwa Sista, nikaugonga gotini, nikauleta karibu na sikio lake. Nikamuuliza kwa nyusi. Akatikisa kichwa. Nikaugonga tena, na mimi, binti wa muuza ndizi, nikausimamisha katikati ya paji la uso la bwana shauri wa Arusha.

Nyusi zake zilipanda. Akaniashiria: tena. Nikarudia. Akaniashiria: tena! Mara ya tatu alikuwa anatabasamu kama mtoto aliyeonyeshwa kipepeo.

Alipotoa vidole nikamwambia, "Mlango umefungwa, Bwana, lakini mwenye nyumba yumo ndani. Wewe umefunga kwa vidole. Yeye amefungwa na ugonjwa, mchana na usiku. Askari alipiga hodi mlangoni. Chuma kimepita ukutani."

Alisimama, akachukua chuma mwenyewe, akamgeuza Saning'o atazame ukuta. Nasieku akamwelekeza mumewe, kwa kumpigia kelele sikioni, anyanyue kidole akimsikia nyuki. Bwana shauri akaanza kumjaribu. Mara chuma kinalia mfupani, mara amekishika kisilie, mara kinalia hewani karibu kabisa na sikio. Kila kilipolia mfupani kidole kilipanda. Kiliponyamazishwa hakikupanda. Hewani hakikupanda hata mara moja. Alitafuta kumkamata kwa kila hila, jasho linamtoka, hakumkamata.

Kisha akamgeukia yule askari. "Wewe. Uko mtoni. Husikii kitu. Mtu anakushika bega kutoka nyuma. Utafanya nini?"

Askari alifikiri. Alikuwa mtu mwaminifu. "Nitampiga, Bwana," akasema.

Baraza lilicheka, askari naye akacheka, na bwana shauri akafuta kitu kwenye karatasi yake. "Afunguliwe," akasema. Nilimkumbatia Sista Otilia mbele ya watu wote, na kichwa changu kiliishia kwenye vifungo vya kifuani pake.

Lakini kumwokoa mtu na kiboko si kumponya. Tulirudi kwenye pamba. Kavu, unga, kesho tena. Nilimfundisha Nasieku kukausha mwenyewe, na hilo lishikeni: mfundishe wa nyumbani, kwa kuwa wewe huwezi kuwa kila mahali. Sikio la kulia halikutusikiliza. Lilikuwa na ile harufu mbaya, na vifupa vyake vya ndani viliharibika zamani. Sista alimweleza Saning'o wazi kwamba hilo halitarudi. La kushoto likakauka, siku moja, siku tatu, wiki nzima, wiki mbili, kavu kabisa! Tundu lilibaki, kubwa, unaliona kwa kioo cha Sista kama dirisha lisilo na pazia. Na kusikia hakukuja.

Ndipo Sista akasema tujaribu jambo moja alilolisoma kwao. Akavingirisha pamba kidonge kidogo kuliko punje ya mtama, akakifunga uzi mwembamba ili kisipotelee ndani, akakichovya kwenye vazelini, kiwe kiraka cha ile ngoma iliyopasuka. Nilimshangaa. Kwa Kiswahili, asiyetaka kusikia tunasema ametia pamba masikioni, na huyu anataka kutia pamba ili mtu asikie!

Ilikuwa asubuhi, dirisha liko wazi. Nilishika kichwa cha Saning'o, ndewe nimeitundika juu. Sista, kioo kimefungwa kwenye paji la uso wake, akakiingiza kidonge kwa koleo mpaka kwenye tundu, akakiachia. Hakuna kitu. Akakisogeza kidogo juu. Hakuna. Jasho lilimdondoka puani. Akakisukuma chini kidogo, wembamba wa unywele, na nikahisi mabega ya Saning'o yanakuwa magumu chini ya mikono yangu. Alinishika kifundo cha mkono. Alikibana mpaka nikataka kulia. Alikuwa anatazama dirishani, ambako kuku walikuwa wanachakura majani makavu.

Nasieku alikuwa ameingia wakati huohuo na kibuyu cha maziwa. Hakujua lolote. Alisimama mlangoni nyuma ya mumewe, akashusha pumzi, akasema kwa Kimaa, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama alivyosema kila siku kwa miaka sita:

"Mungu wangu, mwanamume huyu ana masikio makubwa kama majani ya mgomba, na hayana kazi yoyote."

Saning'o hakugeuka. "Nasieku," alisema polepole, "masikio yangu yamekukosea nini tena?"

Kibuyu kilimponyoka. Maziwa yakatapakaa sakafuni mpaka kwenye viatu vya Sista, na hakuna aliyeinama. Nasieku alifungua kinywa, akakifunga, akakifungua. Mwanamke ambaye hakuwahi kunyamaza tangu nimjue alikuwa hana hata neno moja.

Saning'o alisimama, akamwendea, akainamisha kichwa chake upande, sikio la kushoto mbele ya mdomo wa mkewe.

"Sema," alimwambia. "Sema chochote. Nitukane tena."

Na Nasieku akamtukana, huku analia, kwa matusi yote aliyoyajua, mpaka Sista ambaye hakuelewa hata moja akaniuliza ni sala gani hiyo nzuri.